Siku Niliyosema "Jaza Kabisa"

Mombasa,
Jumapili mchana.

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Goti linasemaje? Dada Mumbua ananiambia kwenye simu kwamba siku hizi unateremka mpaka kwenye tangi bila fimbo, lakini nawajua nyinyi wawili. Ukiumwa wewe, yeye husema umepona, na akiumwa yeye, wewe ndiye husema hana neno. Niandikie mwenyewe nijue. Na mvua je, imefika Nuu au imeishia Mwingi kama kawaida yake? Huku inanyesha mpaka inakera, na kila nikisikia mabati yakipigwa nawaza tangi lako, natamani ningefunga maji kwa kifurushi niyatume kwa basi. Mwili wangu ni mzima. Nakula, nafanya kazi, kanisani naenda pia, ila siku hizi nakaa nyuma karibu na mlango.

Utashangaa kuona barua wakati simu iko. Simu yako, Mwaitu, unaiweka sauti ya nje, na mimi nikijua chumba kizima kinanisikia nafanya kile nilichozoea kufanya mbele ya watu, najisifu. Barua haina sauti ya nje. Halafu ni wewe mwalimu uliyenifunza kuziandika. Nilipokuwa bwenini ulikuwa ukinirudishia barua zangu zimejaa wino mwekundu, na katikati ya karatasi umekunja pesa ya sabuni. Hii nayo isahihishe ukitaka, lakini isome mpaka mwisho kabla hujamwita mtu. Ukimaliza, mwite ndugu yako, Mjomba Kilonzo, umsomee yeye.

Nisikuzungushe. Yule beberu wa ntheo, wale mbuzi wa kumposea mdogo wangu Muthui, hakuwa mgonjwa. Hakufura tumbo, hakuanguka, hakusaga meno. Nilimuuza akiwa mzima kabisa, pale kwenye kituo cha kuchaji gari, nikawaambia wazee kwamba alikuwa anakufa. Nimeandika hapo nikainuka, nikaenda kunywa maji, nikarudi nikasoma tena nilichoandika. Ni kweli, ni mimi.

Sasa acha nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu uongo huo haukuanzia kituoni. Ulianzia Desemba, uani kwako.

Ile van nyeupe niliyokuja nayo Krismasi si yangu. Ni ya Bi Rukia, mwajiri wangu, yule mama mwenye kazi ya kufua mashuka ya hoteli. Alikuwa anasafiri, akaniambia naweza kwenda nayo nyumbani badala ya kuiacha ikae bure. Mlipotoka nje mkaizunguka, na Mzee Mwangangi wa kanisa akauliza, "Hii ni yako, Kimanzi?" mimi sikusema ndiyo. Nilicheka tu, nikapangusa kioo kwa mkono wa shati. Wewe uliona nikipangusa, ukajijibia mwenyewe. Na nilikuacha ujijibie hivyo.

Halafu mkauliza inakula mafuta kiasi gani, nikasema haili kitu. Nilisema hivyo nikiamini, na hapo ndipo mpumbavu aliye ndani yangu alipokaa. Kazini gari linachajiwa ukutani kwa Bi Rukia, na bili ya stima inakwenda kwake. Nikiwa safari ndefu nasimama kwenye zile mashine za kuchaji haraka, nabonyeza simu aliyonipa, na pesa inatoka kwenye kadi yake mimi nisiione. Miaka miwili nimeendesha gari la umeme na hakuna siku mtu alinionyesha bili. Nikadhani kitu ambacho bili yake hainifikii ni cha bure.

Jumapili yake ukasimama kanisani kutoa ushuhuda. Nakumbuka kila neno. Ulisema Mungu amekukumbuka, kwamba mwanao ana gari linalotembea kwa bei ya kuchaji simu. Watu wakasema amina. Nami nilikuwa benchi la tatu nikapiga makofi.

Tena kuna zile tokeni zako za stima. Nilichomeka gari kwenye soketi ya sebuleni jioni, na kabla hakujakucha nyumba ilikuwa giza. Ukasema mita imeharibika, ukamtuma Mumbua akanunue tokeni nyingine, usiku uliofuata zikaisha tena. Nilijua ni gari. Nilikunywa chai yako, nikakusikia ukiilaumu mita, nikanyamaza.

Januari Bi Rukia aliniita akanionyesha kwenye simu yake safari yangu ya Krismasi ilivyomkata. Hakufoka. Alisema tu, "Kimanzi, gari nitakupa tena ukiniomba, lakini kuchaji kwa safari za kwenu utajilipia." Nikasema sawa. Sikuangalia hata kile kiasi. Niliona aibu kukodoa macho kwenye simu yake, nikainamisha kichwa, nikatoka.

Kwa hiyo wakati wa kupanga ntheo ya Muthui, mliponipigia mkiwa wote sebuleni, nilijua kuna kulipa lakini sikujua ni kulipa nini. Kamati ilikuwa imeweka pesa ya kukodi gari la Probox la kwenda Kasikeu, kwa kina Ndinda mchumba wa Muthui, na kurudi. Nikamsikia Mzee Mwangangi akisema, "Si gari ya Kimanzi iko na haili kitu? Hiyo pesa ya Probox tununulie mama ya msichana blanketi mbili na sukari." Wote mkafurahi. Ukaniuliza, "Kimanzi, ni sawa?" Hapo ndipo ningesema. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Nikasema, "Gari lipo, Mwaitu."

Blanketi zilinunuliwa. Nilikuja na van Ijumaa, nikaichomeka tena kwako, ukanunua tokeni tena, safari hii bila kuilaumu mita. Sijui kama ulikuwa umeshajua.

Tulitoka alfajiri wanne: Mjomba mbele na mimi, Muthui na Mzee Mwangangi nyuma, na mbuzi watatu pale panapokaa mashuka. Wewe ulibaki kwa sababu ya goti, kwa hiyo njiani hukuona. Ningependa ungemwona Mjomba. Alikuwa amevaa lile koti la kijivu. Wiki mbili nzima alizunguka Nuu akitafuta wale mbuzi, na beberu alimpata kwa mtu aliyekataa kumuuza mara mbili. Alikuwa amewakata masikio kwa alama yake, mkato kwenye ncha ya sikio la kushoto na tundu dogo upande wa kulia. Asubuhi kabla ya kuondoka aliwalisha maganda ya ndengu kwa mkono wake, ili wafike Kasikeu wakiwa wameshiba na manyoya yanang'aa.

Gari la umeme halina kelele, unajua. Tulipofika Machakos Mjomba alininyamazisha kwa kidole, akainamisha kichwa. "Sikia," akasema. "Wanacheua. Wote watatu. Nthenge, huyo beberu, ndiye mwenye sauti nzito." Akatabasamu. "Mbuzi akicheua safarini, huyo ni mzima wa roho." Alisema hajawahi kupanda gari ambalo unaweza kumsikia mbuzi wako. Nilijivuna, Mwaitu, kama vile ni mimi niliyelitengeneza.

Mzigo ulikuwa mzito, vilima vingi, na tulipoingia barabara ya Mombasa kioo cha kuonyesha chaji kilikuwa chekundu na gari linanipigia kelele. Nikaingia kwenye kituo cha mafuta karibu na Sultan Hamud ambapo pana mashine ya kuchaji haraka. Tukawashusha mbuzi wapumue, Muthui akawafunga kwenye ua wa nyuma penye kivuli. Msichana wa kituo akaja na koti lake linalong'aa.

"Nikuwekee ya ngapi, kaka?"

Mjomba alikuwa ananyoosha mgongo hapo kando. Mzee Mwangangi alikuwa amesimama nyuma yangu kabisa.

"Jaza kabisa," nikasema. Nilisema kwa sauti.

"Kabisa kabisa? Hii ni ile ya haraka. Bei umeona?" Akaonyesha karatasi iliyobandikwa kwenye mashine.

Nikapunga mkono bila kuangalia. "Wewe jaza tu, dada."

"Haya. Lakini ikijaa utoe gari mara moja. Ikiendelea kukaa hapo inaanza kuhesabu ya kukaa."

Mjomba akamwambia Mzee Mwangangi, kwa Kikamba, kwamba hivyo ndivyo anavyoongea mtu asiye na shida. Nililisikia neno hilo, likanipanda kichwani kuliko soda.

Tukaingia kwenye hoteli ya pembeni tukanywa chai. Nilikuwa naiona mashine dirishani. Tulipomaliza niliona taa yake imebadilika rangi, nikajua imejaa, nikainuka. Mzee Mwangangi akanishika bega. "Keti, dereva. Wewe ndiye wa kuombewa kwanza." Akaniwekea mkono kichwani. Unajua maombi ya Mzee Mwangangi. Aliombea Nuu, akaombea Kasikeu, akaombea tumbo la Ndinda na mtoto aliye ndani, akaombea mvua, serikali, madereva wote walio barabarani na gari linalotembea kwa neema. Nilikuwa nimefumba macho na pesa ya kukaa inahesabiwa huko nje. Sikuweza kuinuka kutoka chini ya mkono wa mzee wa kanisa. Ungeniona tu. Nilisema amina mara tatu akiwa bado katikati, nikitumaini ataelewa.

Niliwaacha wakiagiza chai ya pili, nikaenda kulipa. Msichana alinigeuzia simu yake ili nisome. Mwaitu, ilikuwa karibu ile pesa yote ya kukodi Probox, na tulikuwa hatujafika, seuze kurudi. Nikamwambia kuna makosa. Hakukasirika. Alinieleza kama unavyowaeleza watoto wa darasa la nne.

"Hakuna makosa, kaka. Stima ya nyumbani ni kitu ingine. Hii mashine iko na transfoma yake, na hiyo transfoma inalipiwa hata kama siku nzima hakuna gari imekuja. Na magari yenyewe ni machache. Kwa hivyo wale wanakuja ndio wanabeba hiyo mzigo yote. Halafu umekaa."

"Nilikuwa naombewa."

"Najua. Niliwaona. Lakini mashine haioni."

Nilielewa wakati huo, nikiwa nimechelewa. Kuchaji kwako usiku kucha ni kama kuchota kwenye tangi lako. Pale kituoni ni kama kununua mtungi kwa mwenye punda mwezi wa kiangazi. Maji ni yale yale, lakini unamlipa na punda. Na bei haikufichwa. Ilikuwa imebandikwa usawa wa macho yangu, nikaipungia mkono.

Kwenye simu nilikuwa na pesa ya chakula cha njiani tu. Na nikifika Kasikeu ningehitaji kuchaji tena niwarudishe Nuu, halafu tena nifike Mombasa. Njia ya haki ilikuwa hatua ishirini kutoka pale nilipokuwa nimesimama. Ningeingia hotelini niseme, wazee wangu, nilidanganya, gari linakula, tena linakula sana, tena si langu. Wangenicheka. Mjomba angetoa leso yake yenye fundo la pesa, Muthui angefungua bahasha, tungefika. Ningechekwa mpaka Krismasi, basi. Nilikaa nikiupima huo mcheko kama mtu anayepimwa jeneza, nikaona siwezi.

Nikaenda ua wa nyuma walikofungwa mbuzi, akapita mnunuzi wa mbuzi, wa pikipiki, na tenga nyuma. Yeye ndiye aliyeniuliza kwanza. "Huyo dume unauza?" Akashuka, akambonyeza mgongo, akamfunua mdomo, akamwinua mguu. "Hii ni mbuzi, kaka. Nani alichagua?"

"Mjomba wangu," nikasema. Hilo ndilo neno la mwisho la kweli nililosema siku hiyo.

Alinipunja kwa sababu aliona nina haraka. Lakini ilitosha bili, na ikatosha kurudi. Nilitenga noti mbili mfukoni. Beberu alipokuwa anaingizwa kwenye tenga wale majike wawili waliita, naye akaitika, kisha pikipiki ikaondoka.

Nikaingia hotelini mbio. Nikawaambia alifura ghafla, macho yakageuka, nikaona atakufa bila faida, nikamwita mchinjaji aliyekuwa akipita akanipa hiki kidogo. Nikampa Mjomba zile noti mbili. Alizishika bila kuzikunja.

"Alikuwa anasaga meno?"

"Ndio, Mjomba."

"Upande gani ulifura? Wa kushoto?"

"Wa kushoto."

"Lakini nilimsikia Machakos. Alikuwa anacheua."

Nikamwambia, Mwaitu, na sijui nitasamehewa vipi kwa hili, nikamwambia, "Hao ulisikia ni majike, Mjomba. Masikio siku hizi yanakudanganya."

Akaketi. Akasema polepole, "Basi ni yale maganda ya ndengu. Niliwapa mengi. Ni mimi."

Sikusema si wewe.

Yaliyofuata Kasikeu uliyasikia, lakini uliyasikia kwa Muthui, na Muthui alikulainishia. Wazee wa upande wa Ndinda walikuwa wameshanoa visu. Mmoja wao, kaka mkubwa wa Mzee Nzioka, aliwazunguka wale majike wawili akasema, "Watu wa Kitui, mmekuja na majike wawili na hadithi moja." Wakacheka. "Huyu mgonjwa alichaguliwa na nani?" Mjomba akasimama. Alivua kofia. Akasema ni yeye, tena aliwalisha vibaya asubuhi, wasimhesabie kijana makosa ya mzee. Mzee Nzioka, baba yake Ndinda, hakucheka. Alisema majike watabaki wapumzike kama wageni, si kama ntheo, na tukipata nthenge turudi. Tukapewa chakula. Ndinda alituletea maji ya kunawa mikono na hakumwangalia Muthui usoni.

Nilikula, Mwaitu. Nilikula nikashiba.

Tangu siku ile ukinipigia unanipa habari za Mjomba, na hujui ulikuwa unanichoma. Uliniambia harusi ya kwa jirani walienda kwa mtu mwingine kuchaguliwa mbuzi, mara ya kwanza tangu uolewe. Uliniambia amekataa kabisa kurudi Kasikeu, na Muthui hawezi kwenda bila mjomba wa kumsimamia, na mwezi wa nane mtoto atazaliwa, na kama ntheo haijafika atahesabiwa wa nyumba ya Nzioka, si wetu. Halafu ukaniambia, ukicheka kidogo kwa huruma, kwamba maganda yote ya ndengu aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya kiangazi aliyachoma moto, na ya shamba lako ukimpelekea anayaacha nje yaliwe na mchwa, na mbuzi wake wamekonda mpaka wanahesabika mbavu. Nikasema, "Pole yake." Nilisema hivyo tu, nikakuuliza habari za kuku.

Ningeendelea hivyo hivyo, sikufichi. Si dhamiri iliyonikalisha hapa kuandika. Ni simu ya Mzee Nzioka, Jumatano iliyopita, nikiwa nashusha mashuka.

"Wewe ndio ulikuwa dereva?"

"Ndio, mzee."

"Mbuzi wenu alipona."

Nilishika mlango wa gari.

"Anakula vizuri sana," akasema. "Nilimwona soko ya Kasikeu, wiki ile ile mlikuja. Nikapenda vile amesimama, nikanunua, sikuangalia masikio. Kufika nyumbani nikamfungulia, akaenda moja kwa moja kwa wale majike wenu wakaanza kunusana kama watu wamelala nyumba moja. Ndio nikaangalia masikio. Mkato huku, tundu huku. Wote watatu."

Nikasema, "Mzee, nisamehe."

"Ngoja. Mimi nimekaa na hii maneno miezi. Nilikuwa nangoja uongee mwenyewe. Naona msichana wangu anakaribia na wewe hauongei." Akakohoa. "Yule mzee alisimama hapa kwangu akavua kofia. Nilimhurumia nikidhani ni bahati mbaya. Kumbe alikuwa anavulia kofia makosa yako."

Nilimwambia nitatuma pesa kwa simu saa hiyo hiyo, ile aliyonunulia, na zaidi, ampeleke beberu ndani kama ntheo na mambo yaishe.

"Unataka nijilipie ntheo ya msichana wangu?" akasema. "Huyo mbuzi saa hii ni wangu. Wacha mjomba yako akuje amchukue na mkono yake, akiwa anajua alikuwa mzima. Pesa uniletee wewe, mbele yake. Mimi simpigii. Hiyo kazi si yangu."

Ndiyo sababu ya barua hii. Usinihesabie kuwa nimejileta mwenyewe. Nimeletwa, nimeshikwa sikio na mkwe wetu mtarajiwa, na nastahili.

Nimemwambia Bi Rukia yote. Alinisikiliza huku akikunja shuka, akanipa siku nne za ruhusa, gari hakunipa na sikuomba. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitapanda basi, nishuke Sultan Hamud, nipande mpaka Kasikeu na pesa ya Mzee Nzioka mfukoni. Pesa ya Probox ya kumleta Mjomba, Muthui na Mzee Mwangangi nimeikunja humu katikati ya karatasi, kama ulivyokuwa ukinifanyia. Nitakuwa getini nikiwangoja. Nitasema yote mbele ya wazee wa pande zote mbili, nikisimama pale pale Mjomba aliposimama. Wakicheka, wacheke. Mzee Mwangangi akitaka kuniombea, asubiri kwanza niongee.

Kama Mjomba atakataa kuja, nitamwelewa. Nitakuja Nuu nipige magoti mlangoni kwake, na Muthui atanichukia na atakuwa na haki. Nisichotaka ni akatae akidhani bado ni yeye aliyekosea. Kuhusu kanisa, nikija Nuu nitasimama mwenyewe nimalize ule ushuhuda. Wewe usisimame tena kwa ajili yangu, umesimama vya kutosha kwa goti hilo.

Salamu zangu kwa dada yetu Mumbua, mwambie deni la tokeni nalijua. Msalimie Muthui mdogo wangu, umwambie anipige akinikuta ila asinipige mbele ya wakwe. Mzee Mwangangi wa kanisa msalimie pia, sala zake zilifika, ni mimi sikufika. Ndinda ukimpata kwa simu mwambie shemeji yake anaona haya.

Mjomba Kilonzo usimpe salamu zangu, hana haja nazo sasa. Kabla hata hujafungua barua kumsomea, mwambie kwanza awape mbuzi wake maganda ya ndengu. Hayakuwa na kosa lolote. Na masikio yake hayakuwa na kosa. Pale Machakos alisikia vizuri, Mwaitu. Alikuwa anacheua.

Mwanao uliyemfunza vyema,
Kimanzi.